Mbao Zilizosoma Badala ya Watoto

Tangu nistaafu sikai. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikitoka sebuleni naenda uani, nikitoka uani naenda langoni, na nikifika langoni nateremka hadi mjini kwa miguu ilhali gari lipo. Nyumba yangu ya hapa Mumbuni ni ya ghorofa, nimeijenga mwenyewe, ina viti vya kila namna, na hakuna kiti hata kimoja kinachoweza kunishika hadi taarifa ya habari iishe. Mjini nasimama mbele ya maduka nasoma mabango. Nikiona "unbeatable" naikata pale pale: "un" upande huu, "beat" katikati, "able" upande ule. Mwenye duka akitoka kuniuliza nahitaji nini, namwambia nimeshapata.

Huo ndio ugonjwa wa kazi yangu, na ninyi walimu vijana mlioajiriwa juzi nawatakia muuambukizwe mapema. Nawaandikia hasa ninyi mliotumwa kufundisha Kiingereza katika shule ambazo mtoto akivuka lango tu anarudi kwenye Kikamba, na Kiingereza anakiacha darasani pamoja na dasta.

Kwanza mjue anayesema nanyi ni nani. Nilianza bila cheti, mwalimu wa kulipwa na wazazi, tena walipokumbuka. Nilikwenda Juba kufundisha watu wazima wakati ambapo wenzangu waliogopa hata kuiangalia ramani ya huko. Nilijisomesha diploma yangu likizo baada ya likizo, nikiwa na watoto ambao tayari walikuwa wakinyoa ndevu, kisha nikarudi Machakos kufundisha nyumbani. Diploma hiyo iko ukutani, ndani ya kioo, juu ya televisheni. Wenye digrii nawaheshimu. Lakini wengi wao walikuja kuketi nyuma ya darasa langu wakiwa na kalamu mkononi, na hakuna aliyewahi kuniona nimeketi nyuma ya lake.

Sisi tulifundishwa Kiingereza kwa kuitikia. Mwalimu anasema neno, darasa zima linalirudisha kwa sauti mpaka vioo vinatetemeka. Tulijua "happy" na tulijua "unhappiness", ila hatukujua kwamba mmoja anaishi ndani ya mwingine. Tuliyahifadhi maneno kama mtu anavyohifadhi namba za simu. Ukikosa tarakimu moja, umepotea.

Aliyenifungua macho ni Mwalimu Ndunge, mwalimu mkuu wa shule niliyomalizia kazi, kando ya njia ya kwenda Matuu. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri na ana digrii, kwa hiyo sikuwa na haraka ya kumsikiliza. Siku moja alipita darasani kwangu, akachukua chaki bila kuniomba, akaandika ubaoni majina ya watoto waliokuwa wameketi mbele yake: Wambua, Mumbua, Kambua, Syombua. Akawauliza wana nini wote. Darasa likasema wana mbua, yaani mvua, maana walizaliwa ikinyesha. Akafunika mwanzo wa kila jina kwa kiganja, mvua ikabaki. Akafunua, wakarudi mvulana na wasichana, kila mmoja na kichwa chake. Kisha akaandika "rain", "rainy", "rained", akaweka chaki chini na kwenda zake.

Mbinu hiyo niliichukua nikaiboresha, na sasa watu husema ni yangu. Iko hivi. Usianze na kichwa cha neno wala mkia. Anza na mzazi, kile kipande kinachoweza kusimama peke yake. Mtoto afunike vipande vingine kwa vidole mpaka amwone mzazi. Akishamwona, amrudishie watoto wake mmoja mmoja, na kila akirudisha aseme maana imebadilika vipi. Kipande kipya usimpe mpaka uwe na maneno kadhaa ya kukifanyia kazi papo hapo, la sivyo kitalala akilini kama jembe jipya la tajiri. Na msije mkaona aibu kutumia lugha ya nyumbani. Mtoto anayejua kwamba pika, pikia, pikwa na mpishi ni ukoo mmoja amekwisha fanya nusu ya kazi yenu.

Onyo pia. Ukiwafundisha "un", wataiona kila mahali. Kyalo aliwahi kuinua mkono akauliza, kama "un" ni kukataa, basi katika "uncle" hicho "cle" kinachokataliwa ni nini. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtoto aliyeuliza swali hilo alikuwa ameanza kutazama ndani ya maneno.

Huyo Kyalo ndiye ninayetaka kuwasimulia. Alikuwa Gredi ya Tano, mrefu kuliko mlango wa darasa la watoto wadogo, na hakujua kusoma. Nilikuwa na kikundi cha watoto kama hao, ninawafundisha mchana baada ya chakula. Mama yake aliuza matunda sokoni Matuu, na aliyeitegemeza nyumba ni mjomba wake, Mbithi, aliyekuwa akisimamia vijana wa kupakia mchanga mtoni. Jumamosi Kyalo alikwenda naye. Mikono yake ilikuwa migumu kuliko yangu, na mimi nimejenga nyumba.

Mbithi alikuja shuleni mwanzoni mwa muhula wa tatu, akiwa bado na mchanga kwenye nyusi. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema. Alisema mtoto amekaa darasani miaka yote hiyo na bado hajui kusoma hata jina la sabuni. Kupakia mchanga ni kazi, na mtu mwenye nguvu hawezi kulelewa na mama anayebeba maembe. Nilimwambia mimi ni mwalimu mwenye diploma, nimefundisha kusoma watu wazima waliokuwa wakija darasani na bunduki. Akanitazama kuanzia viatu.

"Sawa, mwalimu wa ng'ambo," akasema. "Shule ikifungwa Novemba, huyu asome kitu wewe hujamfundisha. Hata mstari mmoja tu. Akisoma, nitamwacha aendelee na nitamnunulia viatu. Asiposoma, Januari ni wangu."

Tukashikana mikono. Mwalimu Ndunge alikuwa mlangoni na alisikia kila neno. Mbithi alipoondoka, mwalimu mkuu aliniuliza kama nimeshawahi kushinda ndondi kwa mdomo tu. Nilimjibu atulie aone.

Ndipo nikaenda kwa Muthoka. Muthoka ni mchongaji, alijifunza kazi Wamunyu kwa wachonga vinyago, na karakana yake ilikuwa karibu na stendi. Nilimtaka anichongee vipande vya maneno kwa mbao za jakaranda, ili watoto wayashike maneno kwa mikono na kuyaunganisha. "Un" kipande chake, "happy" chake, "ness" chake, "dis", "agree", "ment", "care", "less", "ful", na kadhalika. Muthoka aliuliza kipande kipi kinakwenda na kipi. Nikamwandikia. Mchongaji ni mtu wa fahari, kama mimi, kwa hiyo tulielewana upesi.

Alipomaliza aliniita nikaone. Kila kipande kilikuwa na ulimi na tundu, kama milango ya zamani. Vingine vilikuwa na ulimi wa pembe tatu, vingine wa mviringo, vingine wa mraba. "Un" iliingia kwenye "happy" kwa mlio mdogo kama wa kidole kinachopigwa, na haikuweza kuingia kwenye "agree" hata ukiipiga nyundo. Muthoka aliviweka mezani, akafuta vumbi, akaniambia mtoto hataweza kukosea hata akitaka. Nilirudi navyo shuleni nikiwa nimevipakata.

Vijana, hamjawahi kuona darasa likiruka vile. Ndani ya wiki chache watoto ambao walikuwa wakilia wakiona kitabu walikuwa wakiunganisha "disagreement" na "unhappiness" upesi kuliko mimi ninavyofunga vifungo vya shati. Kyalo aliwashinda wote. Vidole vile vya mchanga vilikwenda kwenye trei bila kusita. Niliwaalika walimu wa shule jirani waje waone. Nilimtumia Mbithi salamu kwamba aanze kutafuta viatu. Usiku silali, natembea uani nikitunga hotuba ya siku ya kufunga shule.

Siku ya mazoezi ya hafla hiyo Mwalimu Ndunge alikuja kutazama. Mtoto mmoja aligonga trei kwa kiwiko, vipande vyote vikamwagika sakafuni. Kyalo alipiga magoti kuvikusanya, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akaanza kuviunganisha hapo hapo chini. Vingi vilikuwa vimelala kifudifudi, maandishi yameelekea saruji. Hakuvigeuza. Alitazama ulimi, akatazama tundu, akabana. Kimoja, kingine, kingine. Mwalimu Ndunge aliinama, akapindua neno lililokamilika. Lilikuwa "disagreement", bila kosa.

Aliliweka chini taratibu. "Mwalimu," akasema, "mbao zako zinasoma vizuri sana."

Nikampa Kyalo kitabu. Nikamwonyesha neno lile lile kwa wino. Alilitazama kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Alilisoma "dog". Hakuna aliyecheka wakati huo, na afadhali wangecheka.

Nilikwenda kwa Muthoka na trei kichwani. Nilimwambia akate ndimi zote, vipande viwe bapa, kila kimoja kiweze kukaa kando ya kingine chochote. Alikataa katakata. Alisema kiungo kinachokubali kila kitu si kiungo, ni uvivu, na mteja akimwona anachonga hivyo atadhani amezeeka. Nilimweleza kwamba watoto wanasoma ndimi badala ya herufi. Akasema basi watoto wana akili, mjinga ni nani sasa. Nikaomba msumeno. Akanipa, kwa sababu alitaka kuona kama nitathubutu. Nilikata mbele yake kipande kimoja baada ya kingine, na kila nilipokata alivuta pumzi kwa meno.

"Na hiyo diploma," aliniuliza mwisho, "kuna mahali iliandika uharibu jasho ya mtu?"

Nilimrudishia msumeno. Nilirudi na vipande vyenye makovu, na siku zilizobaki zilikuwa za kuhesabika. Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu wengi wenu mnanunua vifaa vizuri vya rangi na hamjiulizi vinafanya kazi ya nani. Kifaa kikimzuia mtoto kukosea, kimemzuia pia kufikiri. Nilipowarudishia vile vibapa, mwanzoni hakuna aliyegusa trei. Kisha mmoja akaunganisha "un" na "sleep". Mwingine akatengeneza "cowless". Mwenzake akabisha kwamba hakuna neno kama hilo, na mwenyewe akajibu kwamba baba yake hana ng'ombe hata mmoja, kwa hiyo yeye ni "cowless" na neno lipo nyumbani kwao. Wakageukia kwangu niamue. Niliwaambia halimo kwenye kamusi lakini limejengwa barabara, na aliyelijenga anajua kazi ya "less" kuliko watu wengi wenye mishahara. Tangu hapo walikuwa wakigombana mpaka kengele inalia. Kelele hizo ndizo kusoma kwenyewe.

Kyalo peke yake aliumia. Aliyekuwa wa kwanza akawa wa mwisho. Kila kipande alikigeuza kutafuta ulimi uliokatwa. Wenzake walianza kumwita fundi wa milango. Hata hivyo alijaribu. Nilimkalisha karibu nami, tukafunika kwa vidole, tukatafuta mzazi, tukamrudishia watoto. Siku ile alipouliza juu ya "uncle" nilidhani tumevuka. Siku chache baadaye nilimsimamisha asome ukurasa mbele ya darasa, akakwama kwenye neno la kwanza refu, na kikundi kizima kikamwita fundi, fundi. Aliketi. Jumatatu hakuja.

Mama yake alituma ujumbe kupitia jirani kwamba mtoto amesema hataki kusimama siku ya kufunga shule achekwe na kijiji kizima. Amekwenda mtoni, na Januari amesema ije tu.

Mwalimu Ndunge alinishauri nisubiri hasira ipoe. Mimi kusubiri sijui. Nilichukua bodaboda hadi mwisho wa njia, nikateremka mtoni kwa miguu na viatu vyangu vya ngozi. Mto ule hauna maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni barabara pana ya mchanga. Lori lilikuwa limerudi kinyumenyume, vijana wanapakia, na Kyalo yuko kati yao, shati limefungwa kiunoni. Kando yao palikuwa na ubao wa bati wa serikali uliosimikwa kwenye mchanga. Maandishi yake hayakuonekana, kwa kuwa wapakiaji wengine walikuwa wameutundikia mashati na makoti.

Mbithi alinisalimu kwa heshima ya kuchokoza. Aliuliza kama nimekuja kupakia au kupakiwa. Nilimwambia muhula haujaisha na mkataba wetu bado unaishi, mtoto arudi darasani mpaka siku ya mwisho. Akasema mtoto amekuja mtoni mwenyewe, yeye hakumfunga kamba. Nikasema siku ya kufunga atasoma. Akauliza atasoma nini, kile kile tulichofundishana usiku na mchana? Vijana waliacha mabeleshi ili wasikie. Mimi nikipewa watu wa kusikiliza huwa siwezi kujizuia. Nikamwambia hakuna haja ya kungoja siku ya kufunga, ampe sasa hivi chochote anachotaka.

"Huku mtoni tuko na karatasi gani?" akasema Mbithi.

Kijana mmoja juu ya lori akacheka, akasema ubao upo. Wenzake wakamzomea anyamaze. Wote walijua ubao unasema nini, ndiyo maana ulivishwa nguo. Mbithi naye alijua. Lakini ameshasema mbele ya watu, na mimi nimeshasema mbele ya watu, na katikati yetu alisimama mtoto mwenye beleshi ambaye hakuna aliyemuuliza.

Nikamgeukia. Nilimwambia asipotaka, ninaondoka, na sitamdharau. Alichora mchanga kwa ncha ya kidole cha mguu. Kisha akaenda kwenye ubao, akaanza kutoa mashati moja moja, akiyakunja na kuyaweka chini kama mtu anayeanua nguo za wageni.

Neno la kwanza lilikuwa "Unauthorised". Kati ya maneno yote ya Kiingereza, hilo. Kyalo alilitazama, akaliruka. Nikafikiri amekata tamaa, kumbe alikuwa akitafuta mlango mwingine. Alikwenda hadi "sand". Hilo alilijua. Likafuata "harvesting", akafunika mkia kwa kiganja, akasoma "harvest", akafunua. "Harvesting." Akatazama lori, akatazama mabeleshi. Kisha akarudi mwanzo. Akaifunika "un". Akaifunika "ised". Kilichobaki katikati hakukijua, nikaona midomo yake ikikijaribu kimya kimya, herufi kwa herufi. Akanigeukia. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kumwambia. Nilifunga mdomo nikatazama mlima.

"Un-au-thor-ised," akasema. Alikosea kidogo sauti ya katikati. "Hiyo ya ndani siijui, mwalimu. Lakini 'un' inakataa. Ni kuchota mchanga bila... bila kukubaliwa."

Dereva alitoa kichwa dirishani kuuliza mbona kazi imesimama, mtu akampungia mkono anyamaze. Kyalo aliendelea na "is", kisha akapambana na "prohibited" mpaka jasho likamtoka puani, na akaipata.

"Imetosha," akasema Mbithi. Sauti yake ilikuwa chini. "Tunajua imeandikwa nini. Rudisha mashati ya watu."

"Anko, ngoja. Sijamaliza."

"Umemaliza. Huo mstari ni mmoja."

"Kuna ingine hapa chini."

Kweli ilikuwapo. Mafuriko ya msimu uliopita yalikuwa yameleta mchanga hadi nusu ya ubao, na juu ya mchanga zilichungulia tu ncha za herufi. Kyalo alipiga magoti akajaribu kufagia kwa mkono, mchanga ukawa unarudi. Akainuka, akachukua beleshi lake, akaanza kuchimba chini ya ubao, taratibu, asilikwaruze bati.

Mbithi alimtazama akichimba. Kisha alimwita yule kijana aliyekuwa juu ya lori, akamwambia ateremke ashike nafasi ya Kyalo kwenye kupakia, na Januari pia.